Ukuta Unaolia Hauvishwi Kanga

Ukuta unaolia hauvishwi kanga. Mmeisikia leo kwenye kikao cha mtaa, yule mama alipomrukia katibu aliyekuwa akimtetea mkubwa wake, na nyinyi mkacheka mkidhani ni tusi jipya mjini. Si tusi. Halafu mmoja wenu akajitia mjuzi, akasema kwani hii si ndiyo ile ile ya mficha maradhi kifo humuumbua? Hapana, mwanangu. Mficha maradhi anaficha chake. Methali hii inamsema anayeficha ubovu wa mwenziwe, tena mwenziwe mwenye uwezo wa kuutengeneza, mpaka ubovu ule ukamla yeye. Kaeni vizuri basi. Ilianzia Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya wapangaji, na ilianza kwa hasira.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bwana Mbaruku. Alikuwa nazo nyingine tatu hapa mjini, na hakuna hata moja aliyowahi kulala. Kwake yeye nyumba ilikuwa ng'ombe wa kukamua, na majani hakati. Hii ya Ngamiani ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani nyuma. Chumba cha mwisho mkono wa kushoto alikaa Mwantumu, fundi cherehani, pamoja na mama yake mzazi, Bi. Mwanakheri. Mkabala wao, chumba cha mwisho mkono wa kulia, alikaa Saumu, mke wa dereva wa malori, na mwanawe mchanga. Wengine walikuwa vyumba vya mbele, na hao maji hayakuwafika.

Maji yalikuja hivi. Bwana Mbaruku aliutazama uani, akaona watu wanaanika nguo na kupika, akasema kimoyomoyo kwamba ardhi ile inakaa bure. Akajenga pale vyumba viwili vya kupangisha, vimekaribia kuigusa nyumba kubwa, na bati lake akalilaza upande wa nyumba. Mvua ikinyesha, maji yote ya bati lile yakawa yanamwagika kwenye ukuta wa nyuma wa Mwantumu na wa Saumu. Fundi aliyejenga alimwambia, "Bwana, hapa weka gata, maji yakamatwe yapelekwe mtaroni." Akajibu kwamba gata ni mapambo. Mapambo! Mtu anayevaa saa mbili anaita gata mapambo.

Msimu wa kwanza wa vuli ukuta ukapiga doa. Doa likawa ramani, ramani ikawa nyeusi, na plasta ikaanza kuvimba na kupukutika kitandani. Ukiweka kiganja, kinatoka kimelowa. Asubuhi utaona matone yanateremka taratibu hadi sakafuni, na wakazi wa mle wakazoea kusema ukuta unalia. Godoro likanuka uvundo. Nguo za wateja Mwantumu alilazimika kuzilaza dukani kwa mwenye baraza alikoweka cherehani yake, maana zikilala chumbani zinaamka na vidoa vya ukungu. Na mama yake, ambaye kifua chake hakikuwahi kuwa na neno, akaanza kukohoa.

Mwantumu hakunyamaza. Alimpigia simu Bwana Mbaruku mpaka yule bwana akachoka kulikwepa jina lake, akasema haya, Jumapili nitapita nione. Jumapili ile Mwantumu alikuwa na shela ya bibi harusi ambayo haijakwisha na wenyewe wanaitaka jioni. Akamwachia mama yake maagizo: "Akija mwonyeshe ukuta, mama. Mshikishe na mkono kabisa."

Sasa mjue Bi. Mwanakheri alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mwanamke wa adabu za zamani, wa wale ambao mgeni hata awe mdai, akishavuka kizingiti ni mgeni. Nyumba kwake ilikuwa sitara. Aliona afadhali alale na njaa kuliko mtu aione sufuria yake iko tupu. Kwa hiyo aliposikia mwenye nyumba anakuja, alifanya alichofundishwa tangu utotoni. Alifagia, akasogeza kitanda, akafukiza udi kuuficha uvundo. Akatoa sandukuni doti yake ya kanga ya heshima, nyekundu, isiyokatwa, akaitundika ukuta mzima kwa misumari. Kisha akapika wali wa nazi na changu wa kukaanga.

Bwana Mbaruku alikuja, akaketi, akala mpaka akalamba vidole. Akaiangalia ile kanga, akasema, "Mama, mnaitunza nyumba. Wapangaji kama nyinyi ni wachache." Akaaga, akaenda zake.

Mwantumu aliporudi alikuta sahani zimeoshwa na ukuta umevaa.

"Umemwonyesha?"

"Mwanangu, ningeanzaje? Mtu ameingia kwangu mara ya kwanza, nimfunulie uozo?"

"Uozo wake, mama! Ukuta wake!"

"Na chumba ni cha nani? Angetoka hapa angesema nini? Angesema Mwanakheri anaishi kwenye uchafu."

Mwantumu alihisi damu inampanda kichwani. Kumfokea mama hawezi, mila haimruhusu na moyo haumruhusu. Akaishika ile kanga, akaing'oa misumari kwa mkupuo mmoja, na upande uliogusana na ukuta ulikuwa umelowa chepechepe. Akaenda kumpigia simu mwenye nyumba. Bwana Mbaruku alimjibu kwa sauti ya mtu aliyeshiba. "Mbona nimefika, nimeona kumependeza? Mama yako hakulalamika hata neno moja. Wewe ndiye mwenye maneno."

Siku ile yule bwana alijifunza kitu, na hilo ndilo lililomuuma Mwantumu kuliko maji yenyewe. Alijifunza kwamba watu hawa, ukiwaendea kama mgeni, watakufichia. Tangu hapo kila akilalamikiwa hakukataa, alisema tu anakuja. Alitoa taarifa mapema, akapanga na saa ambazo Mwantumu yuko kwenye cherehani, na kila akija anakuta mama ameshapamba. Saumu naye upande wa pili akatundika yake, maana nani angependa kuonekana mchafu peke yake? Mara moja Bwana Mbaruku alileta mpaka rangi, ndoo nzima ya rangi ya maji, akampakisha kijana mmoja juu ya ukungu. Rangi ikashika siku chache, ikavimba malengelenge, ikaanguka vipande vipande kwenye chai ya Bi. Mwanakheri.

Masika yakaja. Masika ya Tanga mnayajua, mvua haiombi ruhusa. Bi. Mwanakheri sasa alikuwa akikohoa akiwa amekaa, akilala hawezi, pumzi inapiga mluzi. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua, akauliza analala wapi. Mwantumu akaeleza. Daktari akasema, "Dawa nitampa, lakini dawa haishindani na ukuta. Mtoeni humo, au ukaushwe." Wamtoe wampeleke wapi? Kodi ya miezi sita walishaitoa kwa mkupuo, na Bwana Mbaruku alipoombwa airudishe alicheka, akasema hela iliyoingia mfukoni haina mlango wa kutokea. Ndugu walikuwa Pangani, wamejazana wenyewe. Kwa hiyo lilibaki jambo moja tu, ukuta ukauke, na ukuta usingekauka bila gata.

Katikati ya masika hayo Bwana Mbaruku akaja bila kuitwa, mikononi ana furushi. Alikuwa amepata mteja wa kuinunua nyumba. Akawaita Mwantumu na Saumu ukumbini, akafungua furushi lile mbele yao. Zilikuwa kanga. Doti mpya, za rangi ya kung'aa, zote zimeandikwa jina moja: TUSHUKURU KWA TULICHONACHO.

"Kesho saa nne nina mgeni," akasema. "Mama mmoja wa Moshi, mtu mzito. Zitundikeni vizuri, zishike mpaka chini. Akishaondoka, kanga ni zenu."

Saumu akapokea, akashukuru. Mwantumu hakunyoosha mkono. Alimtazama yule mtu usoni, akatamani kumtemea mate, na asingekuwa mama yake mlangoni angemtemea. Yaani ulichoshindwa kununua ni kipande cha bati cha kukinga maji, lakini kitambaa cha kuyafunika umekipata!

"Nipe mimi," Bi. Mwanakheri akasema kutoka mlangoni, akavuta pumzi. "Nitazitundika."

Kukatokea ugomvi chumbani ambao haujapata kutokea kati ya wawili wale. Mwantumu alisema safari hii hapana. Mama akasema kanga ni ya mtu, mgeni ni wa mtu, na aibu ni yetu. Mwantumu akamwambia, "Mama, unakufa." Bi. Mwanakheri akajibu kwamba kila mtu atakufa, ila si kila mtu ataaibika. Kikohozi kikamkata maneno. Akatundika.

Kesho yake mvua ilipumzika asubuhi. Mgeni akafika, Mama Aikande, mwanamke mnene mwenye miwani na mkoba wa ngozi, mwenye kutazama pembe za nyumba kabla ya kutazama watu. Bi. Mwanakheri alikuwa ameweka viti viwili vizuri na sinia la chai ya tangawizi. Bwana Mbaruku akaketi kama yuko kwake, akachukua kikombe, akaanza kusifu. Mtaa mtulivu. Wapangaji wastaarabu. Tangu amewaweka hawajawahi kulalamika.

Mwantumu alikuwa amesimama pembeni, amefunga mikono kifuani, kucha zinaingia nyamani. Aliposikia "hawajawahi" hakungoja tena. Alipita katikati ya wageni, akaishika ile kanga juu, akaivuta. Ikaja na plasta. Kipande kikubwa kama sinia kilianguka sakafuni, kikapasuka, na nyuma yake mawe yalikuwa meusi, maji yanachuruzika, uvundo ukajaa chumba mpaka Mama Aikande akaziba pua.

Mama Aikande akainuka, akaugusa ukuta kwa kidole kimoja, akakifuta kwenye leso.

"Bwana Mbaruku," akasema, "mimi nimekuja kununua nyumba, sikuja kununua kanga. Kwa bei ile hatuelewani."

"Mama, hiki ni kidogo tu, ni mvua—"

"Kidogo? Ukuta huu umeoza. Teremsha."

Na wakaanza. Jamani, wakaanza kupatana bei palepale, mbele ya mgonjwa! Huyu anasema teremsha, yule anasema mama nisikilize, huyu anauliza na chumba cha pili je, yule anasema cha pili kikavu kabisa. Bwana Mbaruku akamwita Saumu, akamuuliza kwa sauti ya kutisha kidogo, "Kwako kuna maji?" Saumu alikuwa mlangoni amembeba mwanawe. Akatazama chini. "Hakuna, bwana. Kwetu kukavu." Wakaendelea. Bi. Mwanakheri alishikwa na kikohozi kirefu, kikohozi cha kumkunja mtu mara mbili, na wale wawili wakapandisha sauti ili wasikilizane.

Hapo ndipo yule mama mzee alipoinuka. Aliutegemea ukuta ule ule, mkono ukalowa, akaenda mpaka alipoketi Bwana Mbaruku. Akanyoosha mkono, akakichukua kikombe kutoka mkononi mwake. Alikichukua chai ikiwa bado nusu. Saumu alisema baadaye kwamba hakuwahi kuona jambo la kutisha kama lile, Mwanakheri kumpokonya mgeni kikombe.

"Inuka kwenye kiti changu," akasema.

"Mama, vipi tena?"

"Inuka. Nimekupikia, nimekufukizia udi, nimekuvishia ukuta wako kanga niliyoiweka ifunike jeneza langu. Nilidhani natunza heshima yangu, kumbe natunza yako. Na wewe huna." Pumzi ikamwishia, akaitafuta, akaipata. "Ukuta unaolia hauvishwi kanga. Niliuvisha mimi, kosa ni langu. Leo umevuliwa, kosa limerudi kwa mwenyewe. Toka."

Bwana Mbaruku akainuka. Akatafuta la kusema kwa Mama Aikande, lakini Mama Aikande alishachukua mkoba wake, yuko ukumbini. Nyumba haikununuliwa siku ile. Mchana wake yule bwana alituma ujumbe kwamba miezi sita ikiisha Mwantumu na mama yake wahame, watu wasio na shukrani.

Mwantumu alikusanya kanga zote zilizowahi kulala kwenye ukuta ule, ile nyekundu na zile mpya, zina madoa meusi na harufu yake, akazianika barazani upande wa barabara. Ilikuwa kesho yake, Ijumaa. Watu wanakwenda msikitini wanapita, wanauliza, na Mwantumu kwa kila aliyeuliza alieleza, kwa sauti, bila kupunguza neno, jina la mwenye nyumba la kwanza na la pili. Bwana Mbaruku alisali msikiti huo huo. Jumamosi asubuhi fundi akaja na ngazi.

Na sikilizeni hapa, maana hapa ndipo hasira ilipo. Kazi ile ilichukua asubuhi moja. Kabla ya adhuhuri gata ilikuwa imefungwa, maji yameelekezwa mtaroni, fundi anakunja ngazi anadai chai. Kifua cha mama wa watu kilikuwa kimeliwa vuli nzima na nusu ya masika kwa ajili ya kazi ya asubuhi moja. Tena gata yenyewe ilifungwa nusu. Iliishia pale ukuta wa Mwantumu ulipoishia. Mwantumu alipouliza na kwa Saumu je, fundi akasema ameagizwa upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili mwenyewe amesema mbele ya mashahidi kwamba ni kukavu.

Ukuta ukaanza kukauka. Kwanza juu, kisha katikati, rangi ya mawe ikarudi. Bi. Mwanakheri alilala akiutazama, na mara nyingine akauweka mkono kupima. Lakini kifua chake kilikuwa kimekwenda mbali, hakikuweza kurudi pamoja na ukuta. Alifariki masika yakiwa yanaishia, mchana, kichwa kiko pajani kwa mwanawe, na ukuta nyuma yake mkavu.

Msibani walijaa. Ukumbi mzima ulikuwa mikeka na wanawake. Bwana Mbaruku alikuja upande wa wanaume, akatoa ubani, watu wakamshukuru. Ndani mama mmoja akamshika Mwantumu mkono, akamwambia anyamaze, kazi ya Mungu haina makosa.

"Mungu hakujenga vile vyumba vya uani," Mwantumu akasema.

Wanawake wakashtuka, wakasema astaghfirullah, huyu ana uchungu, mwacheni. Saumu alikuwa kando yake. Naye akamtuliza, akamwambia kwa upole, "Tuvumilie, dada. Ndiyo kusitiriana." Na alipokuwa akisema hivyo, mwanawe aliyekuwa mgongoni alikohoa. Kikohozi kidogo, kikavu, chenye mluzi mwishoni.

Mwantumu aliujua mluzi ule. Aliinuka katikati ya msiba wa mama yake mzazi, akavuka ukumbi, akausukuma mlango wa Saumu. Mle ndani kanga ya TUSHUKURU KWA TULICHONACHO ilikuwa bado ukutani, imetundikwa vizuri, imeshika mpaka chini, na chini yake sakafu ilikuwa inang'aa maji. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimesogezwa pale kuyaficha maji.

Saumu alimfuata mbio, akasimama kati yake na ukuta. "Usivue, Mwantumu, nakuomba. Watu wamejaa. Watasema nini?"

Kina mama walikuwa wamejazana mlangoni, na nyuma yao wanaume wameinua shingo. Bwana Mbaruku naye alikuwa miongoni mwao. Mwantumu hakuivua. Alimtazama Saumu, machozi na ghadhabu vimechanganyika usoni, akamwambia:

"Mimi nilimvulia mama yangu, na nilichelewa. Wa kwako mvulie mwenyewe. Ukuta unaolia hauvishwi kanga."

Mtoto akakohoa tena. Basi Saumu akageuka, akaishika kanga kwa mikono miwili, mbele ya mji mzima na mbele ya mwenye nyumba, akaivuta.